Kiti Kisichosogezwa

Tarehe 3 Februari

Wanangu Macho na Sauti,

Salamu nyingi kuliko nyuzi za kitambaa. Kama mmefungua kifurushi kabla ya kusoma barua, mmenikosea adabu, maana nimeiweka juu makusudi. Chini yake kuna magauni mawili ya kijani. Mkwe wangu, usidhani nimezeeka nikashona kitu kimoja mara mbili. Ni huyu bwana wako aliyeagiza: moja la kuvaa, moja la kumwagiwa chai. Tangu nikalie cherehani sijawahi kuletewa oda ya gauni la kumwagiwa chai, lakini ndiyo mambo ya filamu, na mimi sasa ni mama wa filamu.

Mtaa mzima unajua. Sikutangaza mimi. Nilimwambia jirani yangu mwenye duka peke yake, sasa kama ana mdomo hilo ni lake. Nilimwambia, "Mwanangu aliyekuwa akipiga picha harusi za watu anatengeneza filamu yake mwenyewe, ya watu wawili waliopendana miaka mingi mpaka mapenzi yakaanza kuwabana kama kiatu cha mwaka juzi mguuni kwa mtoto. Na nyota wake ni mkwe wangu. Ile sauti unayoisikia ukishuka kituo kikuu cha mabasi, ile inayomalizia, 'Anayeondoka aondoke salama, anayebaki abaki salama,' basi ndiyo yeye." Jirani akaniuliza, "Wameoana lini hata awe mkwe wako?" Nikamwambia, "Wewe pima sukari."

Na sehemu yangu nimeikubali. Nimesoma: naingia, nakaa, nauliza, "Basi, mtaoana lini?" Yaani hilo tu! Swali ambalo nimewauliza bure mwaka wa nane huu, leo nalipewa kwenye karatasi! Naifanyia mazoezi mbele ya kioo cha wateja. Juzi binti mmoja aliyekuja kupima sketi akadhani namuuliza yeye, akanijibu kwa aibu, "Mwezi wa nane, mama."

Msinipigie simu kusema mmepokea. Maneno ya simu hayashikiki, yakishapita yamepita. Andikeni, mpeni dereva wa gari la kurudi, ananijua, suruali zake zote nimepunguza mimi.

Mama yenu,
Fundi

*

Tarehe 11 Februari

Mama,

Barua tuliisoma kwanza, usiwe na wasiwasi. Macho alitaka kufungua kifurushi nikampiga mkono.

Gauni limenikaa kama ulikuwa umelala na vipimo vyangu. Nililivaa nikatembea chumbani mara mbili, kisha Macho akaniomba nilivue lisije likachakaa kabla ya picha. Ndivyo tunavyoishi siku hizi. Unajua tunaigizia hapahapa, kwenye vyumba vyetu viwili, na yeye ananifundisha kwamba picha ya leo lazima ifanane na ya siku ya kwanza, la sivyo mtazamaji atashtuka. Kwa hiyo hakuna kinachosogezwa. Pazia halifuliwi. Kalenda ukutani bado inasema Juni. Kile kiti chekundu cha karibu na mlango, anachokalia mwanamke wa filamu akingoja, kimezungushiwa chaki miguuni, na hatukikalii. Nikirudi kazini miguu inawaka moto, nakaa kitandani nakitazama, nacho kinanitazama.

Wakubwa wangu wameniita tena nihamie kituo kipya, kule mji wa pili, nikawafundishe watangazaji wengine. Nimewaambia wasubiri. Macho anasema tukimaliza filamu tutazungumza. Kuna mengi yamepanga foleni nyuma ya filamu, Mama, na mimi ninayepanga foleni za watu kila siku nakwambia hii haisogei.

Lakini ukija utatuchangamsha. Njoo. Sentensi yako tumekuwekea mahali pazuri.

Mkweo,
Sauti

*

Tarehe 2 Machi

Nyota wangu wawili,

Nimefika salama kutoka kwenu, ila nyumbani hapakaliki. Tangu nishuke kwenye gari watu wanapita na nguo zisizochanika, wanataka tu kusikia. Nimewaeleza jinsi taa ilivyoniwakia usoni nisipepese. Nimewaeleza yule kijana wa kushika maiki alivyosema, "Mama huyu amezaliwa nayo." Alisema, au hakusema? Alisema.

Lakini sikilizeni, nilichokileta moyoni si sentensi yangu, ni ile ya Sauti. Siku ile ya pili nilipokuwa nje kwenye ngazi napindia upindo wa gauni, nyinyi mmebaki ndani mnafanya mazoezi. Wanangu, mlivyogombana! Nimeona watu wakigombana maishani, na mimi mwenyewe na marehemu baba yenu hatukuwa malaika, lakini ugomvi ule ulikuwa na ladha. Sauti akasema kwa ile sauti ya chini, wala hakupiga kelele, "Unanitunza kama kile kiti. Nisisogezwe, nisikaliwe, nisizeeke. Umenizungushia chaki, halafu unashangaa kwa nini sitembei." Mwili ulinisisimka. Sindano ikanichoma. Nikatupa gauni nikaingia napiga makofi, "Hapo hapo! Rudieni hapo, nisikie vizuri!"

Mkatazamana. Macho akauliza, "Umependa, Mama?" Nikasema sijapenda, nimekufa. Na kwa kuwa ni watoto wenye heshima, mkayarudia yote, kila mmoja mahali pake. Ila niwaambie ukweli wa fundi: mara ya pili ilipoa. Ile ya kwanza ndiyo. Hata machozi ya kwanza yalikuwa mazito zaidi, na Sauti alivyokwenda kunawa uso nikamwambia yule kijana wa maiki, "Unaona? Hiyo si glisirini ya kuigizia machozi." Kijana akatazama viatu vyake. Vijana wa siku hizi hawajui kusifia.

Karatasi za maneno nimezichukua, msizitafute. Nataka nijifunze ile ya kiti nimsomee jirani. Yeye binti yake aliimba shuleni mara moja, mpaka leo hatujapumzika.

Mama wa filamu,
Fundi

*

Tarehe 9 Machi

Macho,

Barua hii ni yako peke yako. Usimpe mwenzio.

Zile karatasi nimezisoma mbele, nimezisoma nyuma. Nimesoma hata ulipoandika "anafungua dirisha" na "kimya". Maneno ya kiti hayamo. Chaki haimo. Jirani alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja anangoja nimsomee, nikafunua, nikafunua, mwisho nikamwambia miwani imenichafukia.

Pengine nilichukua karatasi za zamani. Kama ndivyo nitumie mpya, tumalize. Kama sivyo, basi niambie nilipiga makofi kwa ajili ya nini.

Tangu juzi nashona mikono ya kushoto kwenye bega la kulia. Nimefumua koti moja mara tatu.

Mama yako

*

Tarehe 20 Machi

Mama,

Samahani kwa kuchelewa. Nimekuwa na harusi mfululizo, na ukishapiga picha bibi harusi watatu kwa wiki moja unaanza kuwaota.

Maneno yale tulikuwa tunabuni tu. Waigizaji hufanya hivyo.

Nimeandika mstari huo hapo juu, nimeutazama, nimeona hautakudanganya. Wewe hukagua mshono kwa upande wa ndani. Sauti ameondoka, Mama. Hatukupigana, hakuna mtu wa tatu, usianze kutafuta. Alikubali ule mji wa pili. Tena aliondoka kwa namna ambayo sijui kama nicheke au nilie: alichukua mfuko mmoja tu. Viatu vyake bado viko mlangoni, kanga yake bado ipo kwenye msumari, kikombe chake kipo dirishani. Nilimuuliza kwa nini hachukui vitu vyake. Akaniambia, "Vimeshaingia kwenye picha. Sitaki kukuharibia." Kisha akazunguka kiti, hata wakati ule, akazunguka asikiguse, akatoka.

Sasa nina shida, na nina wewe tu. Filamu nzima ipo. Imebaki picha moja, ya mwisho: mwanamke anarudi. Anafungua mlango, anavua viatu, anakaa kwenye kile kiti. Hasemi neno. Bila hiyo nina kazi ya miaka miwili isiyo na mwisho. Nimemwandikia, hajibu. Wewe atakujibu. Mwambie ni siku moja tu. Avae lile gauni, aingie, akae, aondoke zake. Sitamwomba kitu kingine.

Mwanao,
Macho

*

Tarehe 28 Machi

Mkwe wangu Sauti,

Nimeambiwa. Sitakuuliza kwa nini, maana mimi mwenyewe nilikuwepo na nikapiga makofi. Hilo litanikaa kooni kama mfupa.

Nakuandikia kwa jambo dogo. Anasema imebaki picha moja. Wewe unaingia, unavua viatu, unakaa. Mwanangu, kuingia na kukaa ni kazi? Mimi niliingia nikakaa na hapo nilikuwa na sentensi juu yake. Nauli nitalipa, gauni nitalipiga pasi, na mimi mwenyewe nitakuja nikae pale ngazini, asikuongeze hata neno. Ni siku moja.

Na nikwambie na la moyoni, ingawa halipendezi. Watu wameshajua. Nimewaambia filamu inaisha vizuri, mwanamke anarudi, na baada ya filamu kuna jambo. Hata kitambaa cha jambo hilo nimeshakiona dukani. Jirani kila akipima sukari anauliza, "Bado hawajamaliza?" Nitamtazama usoni vipi?

Na kuna hili. Macho tangu mtoto akitazama kitu hapepesi jicho, ndiyo maana tukamwita hivyo. Lakini alikuwa na kasoro: ukimwekea chakula anakitazama mpaka kinapoa. Hajui kwamba kitu kizuri huliwa. Si ubaya, mwanangu. Ni namna yake ya kupenda, na labda ukimrudia hiyo siku moja atapepesa.

Nijibu. Gari la Jumanne, dereva yuleyule.

Mama mkwe wako,
Fundi

*

Tarehe 6 Aprili

Mama,

Nimekujibu mara nyingi kichwani nikiwa kazini, nikitangaza magari. Siku moja nimetangaza gari la mahali ambako halijawahi kwenda. Abiria wakasimama kweli.

Usiumie kwa yale makofi. Nikwambie kitu ambacho Macho hakijui. Uliposema turudie, nilisema moyoni, sasa ataniambia, "Hapana, Mama, hii si mazoezi." Nilingoja. Badala yake akasogeza taa kidogo uso wangu uonekane. Mara ya pili niliyasema maneno yangu yaleyale na nikajisikia ninayasoma kutoka mahali. Hapo ndipo nilipoondoka. Mfuko ulikuja baadaye.

Sasa hiyo siku moja. Mama, ningekuwa namchukia ningekuja. Ningevaa gauni, ningeingia, ningekaa, ningechukua gari la jioni. Lakini simchukii. Najua mlango ule unavyolia ukiufungua nusu, najua atakuwa wapi nyuma ya kamera ameuma mdomo. Nikiingia pale hata kwa kuigiza, sitatoka tena. Nitavua viatu, na nitakaa kwenye kiti kile, na chaki itanizunguka, na mwakani bado itakuwa Juni. Usiniombe hilo. Niombe lolote lingine.

Mwambie achukue sauti yangu. Alinirekodi zamani kituoni, siku za mwanzo, alipokuwa akija kukaa kwenye mabenchi na hana safari. Anayo. Naruhusu.

Hapa nina chumba kimoja, kina kiti kimoja cha mbao kibaya sana. Kila siku nakisogeza. Asubuhi dirishani, jioni mlangoni. Jirani wa chini ameshalalamika kwamba nakwaruza sakafu.

Sijui sasa nisaini vipi. Mkwe si kweli tena, na mgeni siwezi.

Sauti

*

Tarehe 12 Aprili

Macho,

Kwanza kaa. Kaa kwenye kile kiti. Ndiyo, kilekile, na usitazame chaki. Umekaa? Soma.

Haji. Sauti yake uliyoirekodi zamani kituoni ameruhusu uitumie, lakini usimwandikie tena, wala usiende kusimama nje ya dirisha lake na kamera. Amenieleza kwa nini, na nikikuambia yote nitakuwa nimevunja siri, ila moja nakupa kwa sababu mimi ni mama yako: siku ile nilipopiga makofi alikungoja useme neno, wewe ukasogeza taa.

Nilipoisoma barua yake nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa nusu saa, nikakukasirikia wewe mpaka jioni, kisha nikaenda kununua sukari, jirani akanipa swali lake la kila siku, na mimi nikafungua mdomo kusema "karibu wanamaliza", nikasikia sentensi yangu. Mtaoana lini, mtaoana lini. Wewe ulimzungushia chaki, na mimi nilikuwa dukani nachagua kitambaa cha kumfunika. Nikamwambia jirani, "Harusi haipo. Mkwe wangu amepata cheo, anafundisha watangazaji mji mzima." Hapo pia nilijisifu kidogo, lakini si uongo. Jirani akaniongezea sukari kijiko. Hajawahi.

Sasa filamu. Unasema haina mwisho. Mlango upo, kiti kipo, mwanamume yupo anangoja. Mwanamke harudi. Basi nani huingia kwa kijana aliyeachwa, asiyefua pazia, mwenye kalenda ya Juni? Fikiria mwenyewe, usifikirie kisomi.

Nitaingia mimi. Nafika Jumamosi. Andaa taa, na safari hii sitaki sentensi.

Mama yako

*

Tarehe 30 Aprili

Mama,

Umefika salama? Nimeitazama picha yetu mara nyingi kuliko picha zote nilizowahi kupiga. Nilikuambia uingie, uvue viatu, ukae. Sikukuambia usogeze kiti. Umeingia, umekitazama kama unavyotazama mshono wa fundi mwingine, ukakiburuta hadi dirishani miguu ikifuta chaki, ukakaa, ukasema, "Njoo hapa kwenye mwanga nikuone." Nami kwa mshtuko nikatoka nyuma ya kamera, nikaingia kwenye picha. Kamera ikabaki peke yake inatutazama.

Kanuni zote za ulinganifu umezivunja. Nimeiacha hivyohivyo.

Jana nimefua pazia. Kumbe lilikuwa la bluu. Kalenda niliichana karatasi zote kwa pamoja. Vitu vya Sauti nimevifungasha, kikombe nimekiviringisha kwenye kanga yake, nikavipeleka mwenyewe kwenye gari. Nilisimama mpaka likaondoka. Yule mtangazaji mpya aliyeshika nafasi ya Sauti anakohoa kwenye maiki.

Barua kwake sikuweka. Niliandika moja, nikaona ni ndefu na nzuri mno, kama picha. Nikaweka karatasi yenye neno moja, samahani, na nikapepesa jicho nisiisome tena.

Mwanao,
Macho

*

Tarehe 17 Agosti

Mwanangu Sauti,

Uliuliza usaini vipi. Umenifanya nifikirie miezi minne, mtu ambaye elimu yangu ni ya kusoma namba za futi. Nimeona hivi: umama hauna talaka. Ukipata mwingine atakayekuoa, mlete nimpime suruali. Usipopata, njoo peke yako.

Kifurushi hiki kina lile gauni la pili, la kumwagiwa chai. Halikumwagiwa, ile picha ya chai waliifuta. Nimelifumua nikalishona upya: urefu nimepunguza, mabega nimelegeza, na nimelitia mifuko. Kwenye filamu halikuwa na mifuko. Mwanamke wa filamu hakuwa na pa kwenda.

Filamu imeonyeshwa Jumamosi, kwenye ukumbi mdogo, viti vya plastiki. Nilikwenda na jirani, tena nilimlipia nauli. Alivaa kuliko mimi. Ulipotokea na gauni la kijani nikawaambia walio mbele, nyuma na kando, "Nimelishona mimi." Nilipotokea na sentensi yangu ukumbi ulicheka, na sikujua kumbe ni swali la kuchekesha hivyo. Wewe huchekeshi. Kila ulipokitazama kile kiti, jirani alinifinya. Kuna mzee mmoja alitoka nje akapiga simu, nikamsikia akimwambia mtu, "Hapana, hakuna shida, nimeamua tu kukupigia."

Macho alikaa nami. Amekonda lakini anakula chakula kikiwa moto. Amechukua kazi ya kupiga picha za watu wakiwa kazini, harusi amepumzika. Hakuniuliza habari zako. Aliniuliza kama kiti ulichonacho kina mto. Nimemwambia sijui. Sasa ukitaka nijue, utaniambia. Usipotaka, sijui.

Mwishoni, mimi nikiwa dirishani kwenye ile picha, naye amesimama kwenye mwanga hajui mikono aiweke wapi, mlango ukaonekana umebaki wazi. Hakuna mtu. Tukautazama. Mara ukasikika wewe kwa mbali, kama mtu aliye upande wa pili wa mji, wala hukutaja jina la gari wala la mahali. Ulisema ile yako tu: "Anayeondoka aondoke salama, anayebaki abaki salama."

Mwanangu, nilisahau nilipo. Nilishika mkoba wangu nikasimama, kama abiria. Ukumbi mzima umekaa, mimi peke yangu nimesimama na mkoba, sijui kama ni mimi ninayeondoka au ninayebaki. Macho hakunivuta nikae. Alisimama na yeye.

Mama yako

Gauni likikubana kwapani, niambie. Nimeacha kitambaa cha kutosha ndani.